Kanigonga nyuma kwenye foleni, anataka tuyamalize. Nichukue hela au niende polisi?

Anti shikamoo, pole na majukumu. Naomba unisaidie mawazo maana hapa nyumbani kila mtu ana lake la kusema na mimi mwenye gari ndo sijui nishike lipi.

Alhamisi iliyopita jioni natoka kazini narudi Tegeta, mwanangu yuko siti ya nyuma, tumefika maeneo ya Tangi Bovu foleni ikakaza, daladala ya mbele yangu ikasimama na mimi nikasimama, nimetulia kabisa mguu uko kwenye breki, mara nasikia puu, nimepigwa nyuma. Kushuka nakuta kirikuu imejaa katoni za maji ya kunywa, kijana anayeendesha kashika kichwa. Hakubisha hata kidogo, alisema dada nisamehe, breki zimechelewa kushika, mzigo mzito. Niliwasha hazadi, nikapiga picha gari zikiwa bado zimebanana, nikapiga na namba ya gari yake, stika, leseni yake, ndo tukasogea pembeni maana watu walikuwa wanapiga honi hatari.

Gari yangu ni IST. Bampa ya nyuma imepasuka kona ya kulia na upande huo imeachia kidogo, taa ya nyuma ya kulia kioo chake kimetoka kipande, na chini ya mlango wa nyuma kuna mbonyeo mdogo, ukisimama mbali huuoni. Inatembea vizuri tu haina shida. Ila mlango wa buti siku hizi mpaka niubamize ndo unafunga, zamani nilikuwa naushusha tu unajifunga.

Yule kijana alinililia sana. Gari ni ya bosi wake, anasema polisi wakiingia yeye kazi hana. Akatoa elfu hamsini akasema laki nyingine atanimalizia mwisho wa mwezi. Sikuipokea, nikamwambia ngoja kwanza nionane na fundi. Kesho yake akanipigia bosi mwenyewe, anaongea vizuri tu, anasema dada yangu hii ni ajali ndogo hatuna haja ya kusumbuana na matrafiki, peleka gari kwa fundi wangu yuko Sinza atakunyooshea, halafu tunaandikishana karatasi kwamba yameisha na hakuna anayemdai mwenzake. Mwishoni akasema wewe usiwe na wasiwasi, hiyo hela naikata kwenye mshahara wake huyo kijana. Hapo ndo roho iliniuma.

Fundi wa hapa mtaani kaangalia kwa macho akasema laki na themanini inatosha. Nikapeleka kwenye gereji moja kubwa kidogo wakaniambia laki sita na nusu. Gari ile ile, kidonda kile kile.

Nina bima kubwa, ile inayolipa hata hasara ya gari yangu mwenyewe, gari iliandikwa thamani ya milioni 12 na nililipia karibu laki tano. Mume wangu anasema sasa bima nililipia ya nini kama siitumii, twende polisi tukachukue ripoti. Kaka yangu anasema huko nitazungushwa mpaka nichoke, bora nichukue hela ya kijana niweke puti (ule udongo wa kuzibia ufa kabla ya rangi) maisha yaende. Mama mkwe anasema nisamehe kabisa, ni mtoto wa watu anatafuta. Mimi nataka gari yangu irudi ilivyokuwa lakini sitaki mtu akose kazi kisa bampa. Nifanyeje anti?

Mama Nasra, Tegeta

JIBU

Marahaba binti yangu, na poleni wewe na mtoto. Umefanya vizuri sana kupiga picha kabla ya kusogeza gari na umefanya vizuri zaidi kutopokea ile hamsini, maana ukishapokea hela barabarani ule unakuwa ndo mwisho wa maneno hata kama hamjaandikiana, kesho ukisema haitoshi unaonekana mwenye tamaa.

Nianze na mlango wa buti, umeuandika kwa kupita tu kumbe hapo ndo penye barua yako yote. Bampa ni plastiki, ikigongwa inaingia ndani halafu inarudi, ndo maana watu wanaangalia ufa wa kona wanasema aa hii ndogo. Bati lililo nyuma ya plastiki likiingia halirudi. Mlango uliokuwa unajifunga wenyewe leo unataka kubamizwa, maana yake loki ya mlango na kile chuma cha chini kinachoshikana nayo haviko tena kwenye mstari mmoja, yaani paneli ya nyuma imesogea, inawezekana ni kidogo sana lakini imesogea. Fundi wako wa mtaani kapigia hesabu plastiki na rangi. Ile gereji nyingine labda imepigia hesabu na bati, au labda imekuona mama na gari safi ikapandisha, sijui na wewe hujui, na huyo bosi anayekwambia ni ajali ndogo naye hajui kwa sababu hakuna hata mmoja aliyefungua bampa akaangalia ndani.

Kwa hiyo kabla hujakubaliana na mtu yeyote, bampa ifunguliwe. Ni klipu na skrubu, fundi wa bodi anayejua kazi yake hachukui muda, mlipe hela ya kufungua na kurudishia tu na umwambie mapema kabisa leo hatutengenezi kitu, tunaangalia. Uwepo mwenyewe na simu yako. Toa kapeti ya buti, toa spea tairi, angalia lile shimo lake kama bati lina mikunjo. Halafu kwenye maungio ya mabati utaona kuna gundi nene ya kiwandani imepita kama mshono, hiyo ndo iangalie kwa karibu na tochi, gari isiyoguswa gundi yake iko nzima, gari iliyopigwa unakuta imepasuka imeachana kama ukoko wa ugali na rangi ya pembeni yake imeanza kubanduka. Baada ya hapo funga mlango upitishe kidole kwenye nafasi kati ya mlango na bodi upande wa kushoto kisha wa kulia, nafasi zikitofautiana kidole kitakwambia. Na mwisho kaa ndani na tochi mtu amwagie maji nyuma. Hili la maji usiliache, maana kama mpira wa mlango haukai vizuri mvua zikija maji yanaingia chini ya kapeti, unakaa nayo huoni kitu, unaanza tu kusikia harufu ya unyevu, na kwa hewa yetu hii ya pwani yenye chumvi bati lililochubuka halisubiri, linaanza kutu mapema.

Picha za hapo zitakuwa na nguvu kuliko maneno ya fundi yeyote.

Jambo lingine ambalo hukuandika, shingo zenu zikoje? Ukigongwa kwa nyuma shingo inaweza kuja kuuma kesho yake au keshokutwa wakati siku yenyewe ulijiona mzima. Kama wewe au mtoto mna maumivu yoyote, mgongo, shingo, kichwa, basi mjadala wa kuyamaliza umekufa hapo hapo, mnaenda polisi mnachukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mnaenda hospitali, na hakuna karatasi ya kusaini na mtu. Bampa inasubiri.

Sasa tuseme mko salama. Nimeona watu wote wa nyumbani kwako wanaongea kana kwamba kwenda polisi ni ukatili na kuyamaliza kimya kimya ni huruma, na wewe mwenyewe umeingia kwenye mawazo hayo. Naomba ulitazame tena kwa kuuliza swali moja tu, kwenye kila njia anayelipa ni nani? Njia ya kimya kimya bosi ameshakwambia kwa mdomo wake, analipa kijana, kwenye mshahara. Yaani huruma yote hiyo mnayoipika ndani inaishia kumwangukia yule yule mnayemhurumia. Lakini kirikuu kama ina bima ndogo iliyo hai, bima ndogo kazi yake ndo hii, kulipa hasara ya mtu wa nje aliyegongwa. Ikilipa bima, hasara ya gari yako haitoki kwa kijana wala kwa bosi. Kijana anaweza kuandikiwa kosa la barabarani, hilo sikufichi, lakini linganisha faini ya elfu 30 na laki sita na nusu za kukatwa miezi na miezi.

Ndo maana najiuliza kwa nini bosi hataki trafiki aone. Inawezekana ni mtu mwema tu anaogopa usumbufu, wapo wengi na siwalaumu. Inawezekana pia bima imeisha. Na inawezekana anajua hali ya breki zake, maana kumbuka maneno ya kijana pale barabarani, breki zimechelewa kushika, mzigo mzito. Gari ikipelekwa polisi inakaguliwa, na breki zikikutwa mbovu hilo ni la mwenye gari. Sasa hapo nikuombe, hata mkielewana na kila kitu kikaenda sawa, hilo la breki mwambie bosi waziwazi na usilimezee. Leo kapiga bampa ya IST iliyosimama, wiki ijayo gari ile ile na mzigo ule ule inateremka mahali kuna watoto wa shule wanavuka.

La bima yake usisubiri akuambie yeye. Namba ya gari unayo kwenye picha, ingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, wa kuhakiki stika za bima uweke ile namba, utaona kama bima ni hai, inaisha lini na ni ya kampuni gani. Fanya usiku huu huu. Ukishajua hilo maongezi yako na bosi yanabadilika kabisa.

Nije kwa mume wako. Mwambie yuko sahihi kwamba bima inalipiwa ili itumike, ila bima kubwa ina kitu wanaita eksesi, ile sehemu ya kwanza ya hasara unayochangia mwenyewe kabla kampuni haijatoa hata mia. Iko kwenye mkataba wenu, utafuteni huo mkataba muusome leo, wengi tunaweka kwenye droo tunabaki na stika tu. Mara nyingi inaandikwa kama asilimia ya dai pamoja na kiwango cha chini kabisa. Tuseme kwa mfano yako inasema asilimia 10 lakini isipungue laki mbili na nusu. Hapo kama matengenezo ni laki na themanini, kampuni haikupi kitu, umejaza fomu bure. Kama ni laki sita na nusu, unapata laki nne. Na mkiwa na lile punguzo la mwaka ambao hamjadai kitu linaweza kuondoka, mpigie wakala wako umuulize swali hili hasa, kwamba nimegongwa na mtu, kosa si langu, na nyie mkimdai mkapata hela yenu, punguzo langu linabaki? Akujibu kwa meseji au imeili uwe nayo.

Wengi hawajui kwamba eksesi hiyo ni ya bima yako. Ukidai kwenye bima ya kirikuu kama mtu wa nje uliyegongwa, eksesi yako haiingii kabisa kwenye hesabu na punguzo lako halina mtu wa kuligusa. Inachukua muda zaidi, hapo kaka yako hajadanganya, utaenda polisi kituo cha eneo ajali ilipotokea, utahitaji ripoti yao, mchoro, ukaguzi wa gari, asesa wa bima, yaani mkaguzi wa hasara, aje apige picha zake, na dereva aliyekugonga lazima naye atoe taarifa upande wao. Kampuni ikikuzungusha bila sababu kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoundwa kwa sheria ya bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya malalamiko kama hayo. Kwa hiyo si kwamba unaenda kutupwa porini.

Kuna jambo la kufanya kabla ya yote, na ni simu moja tu: wape taarifa kampuni yako ya bima kwamba umegongwa, hata kama hujaamua kudai. Mikataba ya bima inataka taarifa mapema, na ukikaa kimya halafu bampa ikafunguliwa ikakuta paneli imekunjamana ukakimbilia kwao umeshachelewa, wana haki ya kukuuliza ulikuwa wapi. Na usitengeneze chochote kabla hawajasema wameona au hawana haja ya kuona.

Sasa ile karatasi ya bosi. Usisaini. Nasema hivi kwa moyo mzito kwa sababu imeandikwa kwa lugha tamu, yameisha na hakuna anayemdai mwenzake, lakini ukiisaini leo umefunga milango miwili kwa mpigo. Wa kwanza ni kwake mwenyewe, bampa ikifunguliwa baadaye ikakutwa hasara kubwa huna pa kurudi. Wa pili ni kwenye bima yako kubwa, kwa sababu kampuni ikikulipa wewe inachukua nafasi yako kwenda kumdai aliyekugonga au bima yake, sasa kama wewe umeshaandika sidai tena, umewanyima haki hiyo na wao wanaweza kukukatalia. Watu wamebaki na gari mbovu na bima hai kwa karatasi ya mistari mitatu.

Uamuzi wangu ni huu. Bampa ikifunguliwa ukakuta bati liko salama, yaani tatizo la mlango ni kile chuma cha loki tu kimepinda kinarekebishwa, basi malizaneni wenyewe, sioni sababu ya kuzunguka vituoni kwa bampa na taa. Kama paneli imeingia, gundi imeachana, shimo la spea lina mikunjo, nenda polisi wiki hii hii na udai kwenye bima ya kirikuu kama iko hai, ikiwa imekufa unatumia bima yako kubwa na kampuni yako itahangaika na bosi. Usikubali hapo katikati, kwamba bati limekunjamana lakini kwa kuwa tunaheshimiana nichukue laki mbili. Mume wako anaongelea siku ya kutumia bima, mimi nafikiria na siku ya kuuza gari, mnunuzi yeyote anayekuja na fundi wake atafungua ile kapeti kwanza.

Mkimalizana wenyewe, ongea na bosi, kijana muweke pembeni. Kijana alikuwa kazini, kwenye gari ya kazi, na mzigo wa kazi, kwa hiyo mwenye kubeba hasara mbele yako ni mwajiri wake. Na kuhusu kukata mshahara, mwambie tu kistaarabu kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi ruhusa ya kukata anavyotaka, inataka kijana aelezwe kwa maandishi kosa na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato kwa mara moja yasizidi robo ya mshahara. Huendi kumtetea mahakamani, unamkumbusha tu, na kijana ukipata nafasi mwambie pia maana nina uhakika hajui.

Fundi wa Sinza mkatae kwa upole. Simjui, anaweza kuwa fundi mzuri sana, lakini analipwa na mtu anayetaka kazi iishe kwa hela ndogo. Gari iende gereji unayoiamini wewe, bosi alipe gereji moja kwa moja kwa simu au benki ili kila shilingi ibaki na ushahidi. Vifaa used havina ubaya, bampa na taa za IST zimejaa Ilala na Gerezani, ila taa beba ile ya kwako uende nayo mkononi mlinganishe namba iliyochapwa kwenye kioo chake, kwa sababu IST si zote zenye taa moja na muuzaji atakwambia zinaingiliana.

Na kaka yako umwambie habari ya puti kwenye bampa. Puti ya bati ikikauka ni ngumu, plastiki inacheza, kwa hiyo ufa uliozibwa na puti unarudi pale pale kwa mashimo machache tu ya barabara. Ufa mdogo unaunganishwa kwa kuyeyusha plastiki yenyewe, na kabla ya rangi inapigwa praima ya plastiki, ile rangi ya chini ya kushikisha, bila hiyo siku ukienda kuosha gari kwa maji ya presha rangi inatoka kwa vipande. Muulize fundi atatumia praima gani, akianza kukwepa swali nenda kwa mwingine. Rangi ichanganywe kwa namba iliyo kwenye kibati cha gari halafu ukaikague mchana juani, rangi ikikaguliwa jioni chini ya turubai kila kitu kinafanana.

Karatasi mtaandikishana, lakini mtaandika nyie wote wawili na iwe na maneno ya kueleweka, tarehe na mahali ajali ilipotokea, namba za magari yote mawili, jina la dereva na la mwenye gari, kwamba kirikuu ndo iligonga kwa nyuma, vitu vilivyoharibika kimoja kimoja baada ya bampa kufunguliwa, kiasi, gereji gani, italipwa lini. Kisha mstari unaosema hasara nyingine ya ajali hiyo ikionekana wakati wa matengenezo mwenye kirikuu ataimalizia, na kwamba madai yanaisha siku gari inapokabidhiwa ikiwa imekamilika. Sainini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa apige na muhuri wake. Faida yake si heshima tu, bosi akilipa nusu akazima simu, hilo sasa ni deni la mkataba na unaweza kulipeleka Mahakama ya Mwanzo, wakati bila karatasi unabaki na hadithi ya foleni ya Tangi Bovu.

Mama mkwe naye asikilizwe. Kumsamehe yule kijana ni jambo jema na unaweza kulifanya leo, mpigie umwambie huna kinyongo naye na humtaki hata shilingi yake, atalala. Ila kumsamehe dereva hakuhitaji umsamehe na mwenye gari matengenezo.

Bosi unaweza kumwandikia hivi, usimpigie, andika ibaki: "Habari kaka, nashukuru kwa kunipigia. Nimeona ni vizuri tukafungua bampa kwanza tujue hasara yote, natarajia kufanya hivyo Jumamosi, karibu uwepo au umtume mtu. Bima yangu nimewapa taarifa. Kama ni kidogo tutaandikishana kwa mwenyekiti na utalipa gereji moja kwa moja, kama bati limeathirika naomba tutumie bima ya gari yako ili kijana asikatwe. Pia tafadhali breki za kirikuu ziangaliwe kabla haijabeba mzigo tena." Atakavyojibu utajua unaongea na mtu wa namna gani, na akijibu kwa hasira ndo umepata sababu ya kwenda kituoni bila kujilaumu.

Kwa sasa ile taa iliyotoka kipande ibandike solotepu nyekundu ya plastiki mpaka bima wamalize kuona gari, kwa sababu ukishika breki usiku hapo panatoka mwanga mweupe, anayekufuata nyuma anachanganyikiwa na trafiki akikuona kosa moja ni elfu 30. Bima wakishasema sawa, nunua taa usisubiri mengine, na risiti yake uiweke pamoja na ile ya kufungua bampa, zote zinaingia kwenye hesabu ya bosi.